Herufi Kumi

Nilikinunua kwa Chaula, mpima misitu aliyestaafu,
kimechubuka pembe, kioo kina mkwaruzo
kama njia ya konokono.
Akaniambia: kinajua ulipo,
unakokwenda hiyo ni kazi yako.
Na kila pahala utakapopapa jina
kitakuruhusu herufi kumi tu.
Hata nafasi tupu huhesabiwa herufi.

Nikakifunga kwenye usukani kwa mpira wa tairi bovu,
tukatoka Njombe alfajiri, mimi na Nsajigwa,
hema nyuma, pampu, viraka, chumvi, unga kilo mbili.
Nsajigwa hana imani na mashine. Njia huiuliza.
Tulipoipita Tandala alimwuliza kijana mwenye mbuzi:
Iwawa mbali?
"Hapo tu," akaelekeza kwa midomo,
midomo imechongoka kuufuata mlima.
Kifaa kikasema kilomita kumi na moja.
Kumbe wote wawili walitudanganya:
mmoja hakuhesabu,
mwingine alihesabu kama ndege,
akaliruka bonde zima na mto wake,
mteremko wa kuunguza breki,
na mpando wa kushuka na kusukuma
huku kifua kinakoroma kama birika.

Jioni, hemani, niliandika.
MBWA MKALI, ikaenea sawasawa.
DARAJA BOV, u ikabaki nje, mvuani.
MAJI BARID.
NILIANGUKA, herufi kumi kamili,
hakuna hata moja ya kueleza goti.

Kitulo ukungu ulitufunika saa nne asubuhi,
gurudumu la mbele silioni.
Hakuna mtu wa kuulizwa, Nsajigwa kanyamaza.
Betri zimezimia kwa baridi;
nikazibana kwapani, kama kipimajoto cha zahanati,
tukasimama kimya tukiwauguza wagonjwa wawili wadogo.
Kilipowaka, mshale ukazunguka, ukazunguka.
Hiki kifaa ukisimama hakijui mbele ni wapi.
Lazima utembee kwanza, popote,
ndipo kikwambie kama umekosea.

Basi tukatembea. Hatua ishirini huku,
ishirini kule, baiskeli mkononi,
mshale unashika, unapotea,
hadi sauti ya mwanamke ikatoka katika weupe:
"Nyie! Mnanikanyagia viazi mpaka lini?"

Kifaa kilisisitiza kwamba tumo barabarani.
"Barabara ilikuwepo," alisema Mama Ilomo,
"mvua ikaichukua, mimi nikapanda."
Hakutuuliza tumetoka wapi.
Alitupa vyungu viwili vya kubeba,
akatuketisha jikoni, moshi na joto,
viazi kwa maganda yake, vinachoma vidole,
soksi zetu juu ya kuni zikitoa mvuke.
Alikipokea kifaa, akakigeuza, akakinusa.
"Kinamjua mume wangu alipo?
Alikwenda Chunya kwenye dhahabu."
Nsajigwa akatazama moto.
Nikasema hapana, mama, kinajua sisi tu.
"Basi kina faida kidogo," akasema, akanirudishia
pamoja na kiazi kingine.

Ukungu ulipoinuka alituonyesha njia. Kwa midomo.

Kuishuka Hamsini na Saba sikukitazama.
Nsajigwa alihesabu kona kwa sauti,
lori la viazi likampotezea hesabu ya thelathini na moja.
Chimala, kwenye lami, ndipo nikauona mchoro wa safari:
utumbo wa mbuzi uliomwagwa sinia.

Sasa kinaning'inia msumarini karakanani.
Siku za mvua, mteja hakuna, nakiwasha.
Kinazitafuta setilaiti zake taratibu,
kama mzee atafutaye miwani aliyoivaa,
halafu kinaandika: VIAZI MOTO,
kilomita tisini na nane.
Nsajigwa anaziba pancha, hainui kichwa.
"Mbali?"
Namjibu kwa midomo.